Mtoto Arudishwe kwa Nani? Ulinzi wa watoto kutoka Bokoli hadi Kitale

Juni 2022 serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa wa kurekebisha malezi ya watoto, unaoanzia mwaka huo hadi 2032. Shabaha yake ni kwamba mtoto alelewe katika familia, si katika makao. Mwezi uliofuata Sheria mpya ya Watoto ikaanza kutumika, ikachukua nafasi ya ile ya 2001. Mambo haya mawili yalipofika vijijini yalikuwa yamekwisha kuvishwa uvumi. Katika wadi kama Bokoli, eneo bunge la Webuye Magharibi, na katika mitaa ya Kitale iliyozoea kuwa na makao ya watoto karibu kila pembe, maswali ni yale yale: je, makao yote yanafungwa? Afisa wa watoto sasa anaweza kuingia boma lolote na kuondoka na mtoto? Na mtoto akirudishwa kwa kukhu, yaani nyanya yake, atakuja na posho?

Majibu mafupi ni hapana, hapana, na pengine. Lakini majibu mafupi hayatoshi, kwa sababu nyuma ya maswali hayo kuna ubishi wa kweli kuhusu nani anafaa kumlinda mtoto: serikali, makao, au ukoo. Kila upande una hoja nzito, na kila upande una jambo usilopenda kulitaja.

Sheria inasema nini

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi, na inawabebesha baba na mama wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya 2022 inajenga juu ya hapo. Imepandisha umri wa mtoto kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Imeitambua kafala, malezi ya Kiislamu ambayo mtoto hulelewa bila kubadilishiwa nasaba, sambamba na kuasili na malezi ya muda katika familia nyingine. Mabaraza ya ushauri ya maeneo yaliyokuwapo chini ya sheria ya zamani yamegeuzwa kuwa kamati za ushauri kuhusu watoto.

Kinachopotoshwa zaidi ni suala la kumtenga mtoto na familia. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 kuhusu malezi mbadala, ambao Kenya iliutafsiri katika mwongozo wake wa 2014, unasema waziwazi kwamba umaskini peke yake si sababu ya kumwondoa mtoto kwao. Kumtenga ni hatua ya mwisho, na anayeamuru mtoto akae kwenye makao ni mahakama ya watoto. Afisa anaweza kumwokoa mtoto aliye hatarini saa hiyo hiyo, lakini hawezi kumgawa apendavyo. Mama anayeficha watoto chini ya kitanda akisikia gari la serikali hana sababu ya kufanya hivyo, ingawa, kama tutakavyoona, hofu yake haikutoka hewani.

Kuhusu makao, hatua zilianza kabla ya mkakati. Kuasili watoto kwenda nje ya nchi kulisimamishwa Novemba 2014. Usajili wa makao mapya ya hisani ukasimamishwa Novemba 2017. Mkakati wa 2022 haukuamuru kufuli zitiwe usiku mmoja. Ulitoa miaka 10 ya kupunguza, kubadilisha matumizi ya makao, na kuimarisha familia. Tatizo ni kwamba sehemu ya kwanza ya mpango, yaani kupunguza, haihitaji fedha nyingi, na sehemu ya mwisho inazihitaji sana.

Kwa nini makao yalijaa upande huu

Makadirio ya kitaifa yaliyotumika wakati mkakati unaandikwa yalizungumzia watoto wapatao 45,000 walioko kwenye makao nchini. Wengi wao si yatima kamili. Wana mzazi mmoja, au nyanya, au mjomba. Basi waliingiaje?

Kwa Bungoma, kaunti ya Bokoli, na Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, jibu lina tabaka kadhaa. Lipo Ukimwi, ambao Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, baada ya miaka mingi ya kuzika watu wazima wa umri wa kuzaa na kulea. Kuna vita vya ardhi: machafuko ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaliyoigusa Trans Nzoia, kisha mapigano ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, kisha ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilizowajaza wakimbizi wa ndani katika uwanja wa maonyesho wa Kitale. Kila wimbi liliacha watoto waliotengana na wazazi, na mji wa Kitale, ulio njia panda ya malori ya Lodwar, Bungoma na Eldoret, ukawa mahali pa kuishia. Sensa ya familia za mitaani iliyofanywa 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini kote. Anayeijua stendi ya Kitale hahitaji kuambiwa kwamba mji huo ulitoa fungu lake.

Halafu kuna uchumi, ambao hauandikwi kwenye faili za watoto hata unapokuwa ndio kisa chenyewe. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye kilifungwa 2009. Kilipokuja kufufuliwa chini ya mmiliki mwingine, wafanyakazi wengi wa zamani walikuwa wameshatawanyika. Wakulima wa miwa wa Nzoia wamezoea kukata miwa mwaka huu na kungoja malipo hadi hawakumbuki walikata lini. Baba huenda kutafuta kazi Nairobi au Eldoret, anaoa huko, na simu yake inazimwa. Mama naye anahama kutafuta kazi, watoto wanabaki kwa nyanya. Mtoto wa namna hii ndiye aliyekuja kuitwa yatima ili apate nafasi.

Na nafasi ilikuwepo kwa sababu fedha zilikuwepo. Wafadhili kutoka Ulaya na Marekani walikuwa radhi kulipia mtoto mwenye picha na jina, ndani ya jengo lenye lango na bango. Hawakuwa radhi kwa kiasi hicho kumlipia nyanya karo, sare na mabati. Makao yakawa shule ya bweni ya maskini. Mzazi aliyempeleka mtoto pale hakuwa amemtupa. Alikuwa amefanya hesabu, na kwa wakati ule hesabu ilikuwa sahihi.

Hoja ya wanaotaka makao yamalizwe

Wanaounga mkono mageuzi wana ushahidi mzuri kuhusu watoto wachanga. Utafiti uliofanywa Bucharest, Romania, kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000, uliwagawa kwa kura watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi: nusu wakabaki, nusu wakapelekwa kwa familia za malezi ya muda. Waliokwenda kwa familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa wale waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto mchanga anahitaji mtu mmoja anayemjua kwa harufu na sauti, na zamu za wafanyakazi haziwezi kumpa hilo hata wakiwa watu wema.

Hoja ya pili ni ya hapa kwetu. Kijana wa Kibukusu anayetoka makaoni akiwa na miaka 18 anatoka bila ukoo wa kumsimamia. Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wa tohara ukifika, nani anamsimamisha uani? Nani anamwonyesha mpaka wa shamba? Akitaka kuoa, nani ataketi na wakwe? Haya si mapambo ya utamaduni. Ardhi ndiyo bima ya uzee, na njia ya kuifikia bado inapitia kwa watu wanaokuita mtoto wao. Makao yanaweza kumpa kijana cheti cha kidato cha nne, yasiweze kumpa ukoo.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inahesabu faida za familia nzuri na kuzilinganisha na hasara za makao mabaya. Nchini Kenya wanaharakati wa mageuzi, mashirika na maafisa wa serikali kwa pamoja, wamezungumza kana kwamba neno familia lenyewe linalinda. Halilindi. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa 2019 ulikuta kwamba karibu nusu ya wanawake vijana na zaidi ya nusu ya wanaume vijana walipitia ukatili wa aina fulani kabla ya kufika miaka 18. Wengi mno kati yao hawakuwahi kuona lango la makao ya watoto. Waliumizwa nyumbani, njiani na shuleni.

Utafiti uliofanyika Bungoma, na maana yake

Upande wa pili una karata ambayo watu wa Bungoma wangepaswa kuijua kuliko wote, kwa sababu ilichorwa kwao. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzao wa nchi tano, walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto yatima na waliotelekezwa wa umri wa miaka 6 hadi 12. Nchi zilikuwa Kambodia, Ethiopia, India, Tanzania na Kenya. Tanzania iliwakilishwa na Kilimanjaro, Kenya ikawakilishwa na Bungoma. Watoto 1,357 walikuwa wakiishi kwenye makao, 1,480 wakiishi majumbani katika jamii.

Matokeo yaliwashtua wengi. Kwa afya, hisia, akili na ukuaji wa mwili, watoto wa makaoni hawakuwa nyuma ya wale wa majumbani. Kwa jumla walikuwa na nafuu kuliko watoto waliokuwa wakilelewa na mtu asiye mzazi wao. Miaka michache baadaye timu hiyo hiyo ilionyesha kwamba hata kwa ukatili, mtoto wa nyumbani hakuwa salama kumzidi wa makaoni. Mradi mwingine, ulioendeshwa Uasin Gishu na watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na washirika wao kuanzia 2010, nao ulikuta kwamba makao mengi yaliwapa watoto chakula, mavazi na malazi zaidi kuliko nyumba nyingi za ndugu.

Wenye makao wanaposhika matokeo haya kama ngao, wana haki ya kuyashika. Lakini wanayasoma nusu. Kwanza, watoto waliopimwa Bungoma walikuwa wa umri wa shule, si wachanga, kwa hiyo utafiti haugombani na ule wa Bucharest. Unazungumza kuhusu mtoto mwingine. Pili, makao mengi ya maeneo haya ni madogo, yanaendeshwa na makanisa au watu wa hapo hapo, na hayafanani na majumba makubwa ya Romania. La tatu ndilo zito kuliko yote: kilichopimwa ni makao yenye mfadhili dhidi ya nyumba isiyo na mfadhili. Ukimpa mmoja unga, karo na daktari, na mwingine ukampa baraka tu, huwezi kushangaa matokeo.

Kwa maoni yangu, utafiti wa Bungoma si utetezi wa makao. Ni mashtaka dhidi ya namna tulivyowaacha walezi wa ukoo. Unatuambia kwamba mtoto kulelewa na shangazi au mke wa baba mdogo si dawa kwa jina lake, na kwamba kumrudisha huko bila chochote mkononi kunaweza kumshusha kutoka pale alipokuwa. Mkakati wa 2022 ukitekelezwa kwa kuhesabu watoto waliotoka makaoni, bila kuhesabu hali yao mwaka mmoja baadaye, utakuwa umetimiza lengo na kuwaumiza watoto kwa mpigo mmoja.

Ukoo na wazee

Wapo wanaosema yote haya ni mambo ya ofisini, na kwamba mtoto ni wa ukoo. Liguru, mzee wa kijiji, yuko karibu kuliko afisa, anajua ni boma gani lina pombe na ni baba gani hana huruma, na kikao chake hakihitaji nauli. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Sehemu kubwa ya migogoro ya malezi, mathalani baba aliyeacha kutuma pesa au mtoto anayetumwa kazi badala ya shule, humalizika uani kwa liguru au ofisini kwa naibu wa chifu, na humalizika vizuri.

Lakini ukoo una masilahi yake. Baba mdogo anayemchukua yatima huchukua pia shamba la marehemu, na hapo mlinzi na mpinzani wa mtoto huwa mtu mmoja. Mtoto aliyezaliwa na binti nje ya ndoa na kuachwa kwa nyanya upande wa mama hupendwa na kulishwa, ila mipaka inapochorwa anaambiwa aende kwa baba yake, ambaye pengine hajulikani. Sheria ya Urithi haibagui hivyo. Desturi inabagua.

Na kuna makosa ambayo kikao hakina ruhusa ya kuyagusa. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 inaweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, na kisichopungua miaka 20 kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15. Hata hivyo kesi hizi bado humalizwa kwa ng'ombe au bahasha, familia mbili zikipeana mikono huku msichana akiwa hayupo kikaoni. Wazee hujitetea kwamba wanahifadhi amani kati ya majirani watakaoendelea kuishi pamoja, na kwamba kesi ya mahakamani huchukua miaka na humwita mtoto kusimulia tena na tena. Sehemu ya pili ya utetezi huo ni kweli, na mahakama zetu zinapaswa kuionea haya. Sehemu ya kwanza ina tatizo moja: amani hiyo inalipiwa na mtoto, na mkosaji hubaki mtaani na watoto wengine.

Afisa mmoja, kazi nne

Katikati ya pande hizi tatu yuko mfanyakazi wa ustawi wa watoto. Tumtazame kwa kirefu, kwa kuwa yeye hulaumiwa na wote.

Taarifa humfikia kwa njia nyingi: simu ya bure 116, mwalimu, mhudumu wa afya, dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, chifu, au mama mwenyewe aliyebeba mtoto mgongoni. Akiipokea, anapaswa kuiingiza kwenye mfumo wa taarifa za ulinzi wa watoto, kutathmini hali nyumbani, kupanga pamoja na familia, kuunganisha huduma, kufuatilia, na kufunga faili pale tu mtoto anapokuwa salama. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Ofisini, malalamiko yanayoongoza si ya kutisha kama magazeti yanavyofanya tuamini. Mengi ni ya kutotunzwa: baba hatoi matunzo, mama ameondoka, mtoto hana mlezi anayeeleweka. Afisa huwaita wazazi, huwaketisha, huandika makubaliano ya nani atalipa nini, na asubuhi yake imekwisha.

Kazi yake ya pili ni ya mahakama: ripoti za hali ya nyumbani ambazo hakimu huzitegemea. Ya tatu ni ukaguzi wa makao. Ya nne ni fedha na karatasi. Hii ya nne hudharauliwa, na kwangu ndiyo inayookoa familia nyingi zaidi kimyakimya. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu kusajiliwa shuleni kwa mfumo wa serikali, na cheti kinadai kitambulisho cha mzazi. Nyanya asiye na kipande hawezi kuingizwa kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kutoa fedha kwa wenye uhitaji. Mjane asiye na barua ya chifu hapati basari. Mfanyakazi anayejua njia za karatasi hizi anaweza kubakiza watoto watatu nyumbani bila kufika mahakamani.

Tazama sasa mgongano uliopo. Mtu yule yule anayepaswa kuaminiwa na mama ndiye anayemwandikia hakimu ripoti dhidi ya mama. Anapoingia boma, haijulikani leo amekuja kama msaidizi au kama mpelelezi. Hapo ndipo ilipotoka hofu ya watoto kufichwa chini ya kitanda. Tena hana usafiri wa uhakika, na eneo lake ni kaunti ndogo nzima. Matokeo yake huenda pale palipo na moto tu: mtoto ameshapigwa, ameshatoroka, ameshabeba mimba. Familia iliyokuwa ikitetereka miezi sita kabla haikumwona.

Pengo hilo lilizibwa kwa miaka mingi na mashirika. Bungoma, shirika la Ace Africa, ambalo ndilo lililoshiriki utafiti wa Duke upande wa Kenya, lilijengwa juu ya wazo la kuimarisha jamii badala ya kujenga makao. Kaskazini zaidi, Kitale, kazi ya kuwafuata watoto wa mitaani na kuwarudisha kwao imebebwa zaidi na mashirika kuliko na serikali. Miradi mingine mikubwa ya yatima ilikula fedha za Marekani za kupambana na Ukimwi. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilionekana jinsi huduma hii ilivyokuwa imepanga nyumba ya mtu mwingine.

Shilingi 2,000

Mpango wa fedha kwa familia zenye yatima ulianza kwa majaribio 2004, ukakua hadi kuwa sehemu ya Inua Jamii. Faida yake imepimwa vizuri: watafiti walikuta kwamba vijana katika nyumba zilizopokea fedha hizo walichelewa kuanza ngono ukilinganisha na wenzao. Hakuna mhadhara wa maadili uliowahi kuonyesha matokeo ya namna hiyo kwa bei hiyo.

Lakini kiasi ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba, iwe na mtoto mmoja au saba, na kimekaa hapo kwa zaidi ya miaka 10 huku bei za vitu zikipanda zaidi ya maradufu. Tena hulipwa kwa kuchelewa mara nyingi. Linganisha na kinachotumika kumlisha, kumlaza na kumlinda mtoto mmoja makaoni, pamoja na mishahara ya mpishi, mlinzi na meneja. Anayesema taifa haliwezi kumudu kuzisaidia familia anasahau kwamba mtu fulani, mahali fulani, tayari anamudu njia iliyo ghali zaidi.

Hofu ya wapinzani wa posho ni kwamba watu watakusanya watoto ili walipwe. Hatari hiyo ipo kwa malezi ya muda yanayolipwa vizuri bila ukaguzi. Kwa shilingi 2,000 ni vigumu kuiona.

Mizani

Nikiziweka hoja hizi pamoja, naona kila upande unashinda kwa mtoto tofauti. Kwa mchanga aliyeachwa hospitalini, makao ni chaguo baya na familia za malezi ya muda zinapaswa kutafutwa, kufunzwa na kulipwa. Kaunti zote mbili hazina za kutosha. Kwa mtoto wa umri wa shule aliyepelekwa makaoni kwa ajili ya karo, kurudi nyumbani ni sahihi, kwa sharti kwamba karo inamfuata. Kwa msichana aliyenajisiwa na mtu wa boma lake, au kijana aliyekaa miaka minne mitaani akivuta gundi, mahali pa hifadhi pa muda panahitajika, na kuharakisha kumrudisha ili takwimu zipendeze ni ukatili wa pili.

Swali la nyumba au makao kwa hiyo limetupotezea muda. Linaloamua hatima ya mtoto ni kama kuna mtu atakayepita tena wiki ya pili, mwezi wa tatu, muhula unaofuata. Ufuatiliaji ndio sehemu ya kazi isiyo na mfadhili wala sherehe ya kukata utepe.

Nani aifanye? Rwanda, ilipoanza kupunguza makao yake kuanzia 2013, iliweka watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, kila kijiji, jumla karibu 30,000, ili wawe macho ya karibu. Kenya nayo ina watu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto, lakini hawalipwi. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 hulipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni vigumu kueleza kwa nini anayeuliza kuhusu chandarua anastahili posho na anayeuliza kuhusu michubuko hastahili. Wengine wangependa kuwabebesha wahudumu hao hao kazi zote mbili. Ningetahadhari: mtu wa kijijini ni jirani, pengine ni shemeji ya mshukiwa, na siri za mtoto zikivuja kisimani hakuna atakayeripoti tena. Wa kujitolea agundue na kusindikiza. Uamuzi ubaki kwa aliyesomea kazi, naye awe karibu, ngazi ya wadi, si mjini pekee.

Hapo tunagongana na ugatuzi. Maafisa wa watoto ni wa serikali kuu, wakati zahanati na shule za chekechea ni za kaunti. Tanzania imewaweka maafisa wa ustawi wa jamii chini ya halmashauri, jambo linalowasogeza kwa wananchi na kuwaacha wakigombea bajeti na barabara. Kuwahamisha wetu kwa kaunti kungeleta hatari hiyo hiyo, na sina hakika kwamba diwani anayeomba kura kwa lami angepigania mafuta ya pikipiki ya afisa wa watoto. Njia nyepesi ni ile ile iliyotumika kwa afya: mwajiri mmoja, gharama nusu kwa nusu, na fungu la ufuatiliaji lionekane kwenye bajeti kwa jina lake.

Makao yaliyopo yana kitu ambacho serikali haina, nacho ni wafanyakazi wa jamii wanaowajua watoto na njia za kufika kwao. Makao ya Kitale au Webuye yakigeuzwa kuwa kituo cha kusaidia familia, yenye vitanda vichache vya dharura, siku za kisheria za kukaa, na wafanyakazi wanaoshinda barabarani kuliko langoni, hayatakuwa yameshindwa. Kizuizi ni mfadhili aliyezoea picha ya mtoto mmoja. Wenye makao wanapaswa kumwandikia kwamba mtoto huyo sasa yuko kwa nyanya yake Bokoli, kwamba pesa zake zitalipa karo, mabati na nauli ya mfanyakazi atakayewatembelea, na kwamba picha mpya haitatumwa kwa sababu familia ina haki ya faragha. Baadhi ya wafadhili wataacha kutuma. Pengo watakaloacha kwa miaka miwili au mitatu ya mpito ni gharama ambayo mkakati wa 2022 unapaswa kuitengea fedha sasa, kabla ya mtoto wa kwanza kufungashiwa nguo zake.